Ukumbi wa Mwalimu Dalenda

Bir Lahjar, 20 Machi 1994

Rebah, shoga yangu,

Idi imepita na hata kadi hukutuma, basi nimeamua nianze mimi ili uone haya. Ni Mongia, mke wa mwokaji mikate, yule wa timu yetu ya mpira wa mikono, aliyekuwa akibeba begi la mipira wakati wewe ukibeba sifa. Umenikumbuka? Haya, kaa vizuri.

Ule ukumbi wa michezo nyuma ya sekondari umemalizika mwishowe. Bati juu, sakafu ya mbao ndani, taa nyeupe mpaka zinaumiza macho. Manispaa imeamua uitwe kwa jina la Mwalimu Dalenda. Imeundwa kamati, nami nimetiwa humo, sijui kwa ajili ya akili zangu au kwa sababu wajumbe wanapenda vikao vyenye keki. Sherehe ni Jumamosi ya tarehe 11 Juni. Watakuja wakubwa wa mkoa, bendi ya wachimba madini ya fosfeti itapiga, na litakuwepo bamba la marumaru lenye pazia na kamba ya kuvuta.

Tulipokwenda nyumbani kwake kumpa habari, tulimkuta akimenya maharage. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi bado nafundisha. Majina ya ukutani si ya marehemu?"

Naibu meya, Bwana Tijani, yule tunayemwita Si Tijani, akacheka mpaka fizi zikaonekana. "Mwalimu, tunakuenzi ukiwa hai ili uonje utamu wake."

"Sawa," akamjibu. "Mkimaliza kunienzi, mtaniambia."

Wewe unajua, Rebah. Mkunga wetu, wale wawili wa posta, yule hakimu aliyeko Gafsa, mwalimu wa hesabu wa wanangu: karibu wote walichubuka magoti kwenye uwanja ule wa saruji kabla hawajawa watu. Baba zao walikuwa wakisema msichana na mpira wapi na wapi, naye Mwalimu anawafuata mpaka kwenye lango la mgodi, anawasubiri watoke zamu, anawaambia, "Binti yako namtaka Jumatano." Hakuwa akiomba.

Kamati inataka uje useme maneno mawili. Wewe ndiye uliyevaa jezi ya taifa. Picha yako bado ipo mkahawani kwa Amara, juu ya mashine ya kahawa, imekuwa rangi ya biskuti. Na sasa wewe ni kocha wa wasichana katika klabu kubwa huko Tunis. Mwalimu hachoki kuwasimulia watoto. Binti yangu Emna anacheza kona ya kulia kwa mkono wa kushoto. Akikuona atazimia.

Usinijibu kwa ufupi kama mtu wa benki.

Wako,
Mongia


Tunis, 2 Aprili 1994

Mpendwa Mongia,

Nimefurahi sana kwa habari ya ukumbi. Hakuna anayestahili zaidi yake. Kwa bahati mbaya Juni ni mwezi mgumu kwetu klabuni, kuna mashindano na wasichana wangu hawawezi kuachwa. Msomeeni watu salamu zangu. Nitatuma maua.

Mpe Emna busu. Mwambie afanye mazoezi ya kifundo cha mkono.

Rebah


Bir Lahjar, 15 Aprili 1994

Rebah binti yangu,

Usishangae ukubwa wa herufi. Kalamu za siku hizi zinaandika nyembamba kama unywele, nimenunua hii ya kuandikia maboksi.

Mongia ameniambia huji. Si neno. Hotuba zitapatikana, mji huu haujawahi kupungukiwa wanaume wa kuhutubia. Nakuandikia kwa jambo lingine.

Huyu Emna wa Mongia anakaribia kumaliza miaka kumi na sita. Ana kitu ambacho sikumfundisha. Akiruka hukaa hewani kidogo, kama mtu aliyesahau kushuka. Niliwahi kukiona mara moja tu kabla yake, nawe unajua kwa nani. Hapa amefika mwisho. Naomba umchukue kwa majaribio katika klabu yako kiangazi hiki, hata kwa wiki chache. Atalala kwa shangazi yake mtaa wa Bab Souika. Hatakusumbua.

Na uniambie: siku hizi mnawafundisha ulinzi wa namna gani? Watu sita mstari mmoja, au mmoja mbele? Nauliza kwa kutaka kujifunza.

Mwalimu wako,
Dalenda


Tunis, 27 Aprili 1994

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuhusu Emna, mwaka huu nafasi zimejaa na uongozi ni mkali. Labda mwakani. Naomba usimkatishe tamaa.

Ulinzi tunautumia wa aina zote mbili, kutegemea mpinzani.

Nakuombea afya.

Rebah


Tunis, 16 Mei 1994

Mongia,

Tangu mlipoondoka sijaweza kula vizuri. Najua jinsi mlivyokuja. Barua yangu kwa Mwalimu ilikuudhi, ukasema, "Atanikatalia usoni, si kwa karatasi," ukamshika Emna mkono mkapanda treni bila kunijulisha. Mkaenda klabuni. Mkaambiwa kikosi cha wasichana kilivunjwa mwaka jana na kocha wake akavunjwa nacho. Mlinzi wa getini, mtu mwema kupita kiasi, akawaelekeza duka la viatu.

Mkanikuta nimepiga magoti mbele ya bwana mmoja nikimfungia kamba za viatu.

Asante kwa kutopiga kelele. Nakujua, nilitegemea kelele. Ulisema tu, "Namba thelathini na saba, ya mwanafunzi," kama mteja yeyote, ukamkalisha Emna kwenye kiti. Nikamvalisha kiatu, nikafunga kamba mara mbili. Na yeye mtoto akaniambia polepole, "Shangazi, kinabana kidogo kidoleni," ili tuwe na la kuzungumza.

Sikumdanganya Mwalimu kwa kusudi. Kwanza nilidhani nitapata klabu nyingine kabla hajajua. Baadaye miezi ikaenda, na kila barua yake ilianza na "nimewaambia wasichana habari zako." Utaanzia wapi kusahihisha?

Sasa nieleze lile ulilonitupia kwenye jukwaa la stesheni treni ikianza kuondoka. Ulisema, "Na yeye mwenyewe haoni." Nani haoni? Haoni nini? Nilikimbia kando ya behewa kama mwehu na wewe ukafunga dirisha.

Usimwambie kuhusu duka. Nakuomba.

Rebah


Bir Lahjar, 24 Mei 1994

Rebah,

Dirisha sikulifunga, lilishuka lenyewe, treni zetu unazijua. Kondoo wa Idi tumemchinja na kumla, watoto wamelala, sasa nina nafasi ya kukueleza.

Kabla ya safari ile, nilikwenda uwanjani alasiri moja kumwita Emna kwa sababu bibi yake alikuwa amefika. Nikasimama kwenye ukuta wa bomba la maji. Nikasikia wasichana wanapiga kelele kila hatua: "Emna kashika! Kampa Sabra! Sabra karuka, nje!" Mwalimu amesimama katikati na filimbi yake, kajifunga kitambaa kama kawaida. Akasema, "Sabra, umeruka kwa mguu usio wako. Nimesikia viatu."

Nikadhani ndiyo mtindo mpya. Nikasema moyoni, ona, bado anasoma vitabu vya kigeni.

Kisha mpira ukabingirika mpaka karibu na miguu yake, ukasimama. Hivi, mbele ya kiatu. Mtu yeyote angeinama. Yeye akabaki wima, akiutazama moja kwa moja kama hakuna kitu. Golikipa wao, kitoto kimoja chembamba, akaja bila neno, akausukuma mpira kwa ncha ya mguu mpaka ukamgusa Mwalimu kiatuni. Hapo ndipo akainama akauokota. "Haya, tena," akasema.

Rebah, nilikaa chini pale pale kwenye tope la bomba.

Nyumbani nikambana Emna aniambie. Akanikazia macho kama askari. "Mama, ukimwambia mtu, timu imekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza."

"Na yeye anajua kwamba mnajua?"

"Hatujawahi kuliongea."

Watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, wanamtangazia mwalimu wao mechi ili mji usijue! Na sisi watu wazima tunapanga rangi ya pazia.

Sasa sikia la kamati. Juzi Si Tijani alisema waziwazi kwamba baada ya sherehe Mwalimu "atapumzika kwa heshima" na ukumbi utakabidhiwa klabu ya wavulana. Nikamuuliza, "Na wasichana?" Akasema, "Inapowezekana." Nikamuuliza inawezekana lini? Akasema, "Mama Emna, kwani kuna nani wa kuwafundisha?" Nikakata keki.

Nami nakuuliza: kuna nani? Unafunga kamba za viatu vya watu, Rebah. Njoo ufunge za hawa.

Mongia


Bir Lahjar, 30 Mei 1994

Rebah binti yangu,

Mongia hajui kusema uongo. Amerudi kutoka Tunis akaisifu klabu yako kwa robo saa bila kupumua, sakafu inang'aa, mabafu yana maji ya moto, na wewe una ofisi. Nikamuuliza ofisi ina dirisha upande gani. Akaanza kukohoa. Sikumsumbua zaidi. Chochote unachofanya huko, kama unakifanya vizuri sina swali.

Nami nina langu. Macho yangu yanaharibika. Daktari wa Sfax anasema pembeni patabaki, katikati pamekwenda na hapatarudi. Ukisimama mbele yangu nitaona mabega yako na mlango nyuma yako, uso sitauona. Barua zako nazisoma kwa pembe ya jicho, neno moja moja, kama mtu anayemchungulia jirani. Wasichana wanadhani sijui kwamba wanajua. Waache wadhani hivyo. Inawafanya wacheze kwa kuongea, na timu inayoongea hailali.

Watu watasema mengi tarehe 11. Watasema niliacha bahari ya Mahdia nikaja kwenye vumbi la fosfeti kwa mapenzi. Usiwaamini. Nilipangiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mama alilia kama nimehukumiwa. Nilikusudia kukaa mwaka mmoja. Lakini kila ulipofika wakati wa kuomba uhamisho, kulikuwa na mechi ambayo bado haijachezwa, na msichana fulani ambaye baba yake ndiyo kwanza amekubali. Nikasema, hii tu. Ndivyo ilivyokuwa, hii tu, hii tu, mpaka nywele zikawa nyeupe.

Wanataka kunishukuru ili niende nyumbani. Si wabaya, ndivyo wanavyojua kumwambia mtu basi. Ila mimi sijamaliza, nina la kuwaambia.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu usilisikie kwa watu.

Dalenda


Tunis, 5 Juni 1994

Mwalimu,

Najua unachokitaka hata kama hukukitaja, na Mongia amekitaja. Siwezi. Siwezi kushuka kwenye treni ile na begi langu, nikapita mbele ya mkahawa wa Amara, chini ya picha ile, watu wanyanyuke kunisalimia nami najua nimetoka duka la viatu, kwamba klabu ilivunja timu yangu mwaka jana. Nisamehe. Maua nimeagiza Gafsa, yatafika Ijumaa.

Nimelia kwa ajili ya macho yako. Sikujua nikwambieje.

Rebah


Bir Lahjar, 12 Juni 1994

Rebah,

Unga umenikataa leo, mume wangu amenifukuza kwenye tanuri, basi naandika.

Sherehe ilianza kama sherehe. Bendi ikapiga, watu wa mkoa wakachelewa, wanaume wakahutubia. Mmoja alimwita Mwalimu "taa," wa pili "mama," wa tatu akasoma karatasi ya hafla nyingine, nadhani, maana alisifu zeituni. Maua yako yalikuwa mazuri. Wasichana walipangwa mstari wakiwa na jezi za kuazima. Mwalimu alikaa kiti cha mbele, gauni la kijivu, mikono magotini.

Kisha Si Tijani akamwongoza kwenye bamba, akamtia kamba mkononi. Wapiga picha wakasogea. Mwalimu akaishika ile kamba, akatulia.

"Tijani," akasema. Kipaza sauti kilikuwa wazi, mji mzima ulisikia. "Wasichana wana siku gani humu ndani?"

Si Tijani akatabasamu. "Mwalimu, hayo tutayazungumza ofisini."

"Ofisini nimekuja sana. Hapa pana watu wengi, tutakumbushana. Siku gani?"

"Mwalimu, tafadhali, vuta kwanza, wageni wamesimama juani..."

"Nami nimesimama juani tangu mwaka sitini na mbili. Sivuti."

Mtu wa mkoa akamwinamia Si Tijani kumuuliza kuna nini. Si Tijani jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Ndipo mzee mmoja wa mgodini, baba yake yule mkunga, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mjibu mwalimu wako, mwanangu! Au hata hili hukulisoma?" Watu wakaangua kicheko. Maana sote tunakumbuka Tijani alivyoshindwa mtihani wa mito ya Afrika mara mbili darasani kwake.

Akasema, "Jumatatu na Jumatano."

"Na Ijumaa," akasema Mwalimu.

"Na Ijumaa."

"Rudia kwa nguvu. Mimi macho yangu yamekufa, huenda mmeona au hamjaona, lakini masikio ni mazima, nataka na ya wengine yasikie."

Amesema hivyo, Rebah. Mbele ya wote. Wasichana kwenye mstari wakatazamana, Emna akaziba mdomo. Si Tijani akarudia siku zote tatu kama mtoto anayekariri, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hajamaliza. Ndipo Mwalimu akaivuta ile kamba, pazia likaanguka lote na fimbo yake, likampata mtu wa bendi.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kupanga sahani za keki. Nikasikia, "Mongia yuko wapi?"

Nikasema niko huku, Mwalimu, kwenye keki.

"Njoo."

Nikaenda na aproni yangu. Akaipapasa hewa mpaka akanipata begani, akavua filimbi shingoni, akanivisha mimi. Mimi! Nikamwambia kwa kunong'ona, "Mwalimu, umekosea mtu. Ni Mongia."

"Najua harufu ya mkate," akasema. Kisha akawageukia watu: "Huyu alikaa benchi langu miaka minne. Nilimwingiza mara moja, dakika za mwisho, akakanyaga mstari. Hakukosa mazoezi hata siku ya mvua. Wenzake waliliona goli. Yeye aliuona uwanja mzima, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine." Watu wakacheka, nami nikacheka, huku machozi yananishuka. "Mimi nitakaa naye mpaka azoee. Mkitaka kuniheshimu, msimwambie inapowezekana."

Rebah, mimi najua chachu na chumvi! Jumatatu ni kesho! Niwaambie nini? Nisimame wapi? Niandikie, nipe hata zoezi moja. Nina hasira nawe pia, hilo bado.

Mongia


Tunis, 20 Juni 1994

Mwalimu,

Mongia nimempelekea karatasi za mazoezi, na michoro. Nitampelekea kila wiki.

Lakini nakuuliza wewe, niseme tu kama lilivyo moyoni. Nilisema siwezi kuja, ni kweli. Nilipopata habari ya filimbi nikapumua, nikafurahi. Halafu nikiwa ghalani natafuta viatu nikakaa juu ya maboksi nikawa na wivu kama mtoto. Kwa nini hukuniita? Neno moja tu, "njoo." Hukulisema. Mongia hawezi kurusha mpira hata ukuta ukiwa karibu. Mimi ni yule uliyenifundisha kukaa hewani. Au umeona kwamba mimi ni wa kufunga kamba tu?

Rebah


Bir Lahjar, 1 Julai 1994

Rebah,

Ningesema njoo, ungekuja. Ndiyo maana sikusema.

Ungekuja kwa aibu, na kwa kudhani unanirudishia kitu. Mtu wa namna hiyo hufanya kazi vizuri sana mwaka wa kwanza. Wa pili huanza kuwachukia watoto kwa kumzuia asiondoke. Nimewaona walimu hao, nilikaa nao chumba kimoja. Mongia hataki kwenda popote. Siku ya baridi kali, yenye upepo wa mchanga, timu imefungwa na nusu ya wasichana hawakuja, yeye atakuwepo, atawapa mkate wa moto na kuwatukana kidogo. Ya kurusha yatajifunzwa. Hilo la kuwepo halifundishwi.

Sikuona kwamba wewe ni wa kufunga kamba. Niliona kwamba umeangushwa na bado uko chini unajitazama. Hukuzaliwa ili uwe ushahidi wa kazi yangu, wala picha ya kwa Amara. Nilifurahi ulipocheza taifa. Ningefurahi vilevile ungekuwa muuza viatu tangu mwanzo, mradi unanipigia hodi ukipita.

Uko huru. Nilitaka mtu mmoja katika wasichana wangu awe huru kabisa, asiwe na deni hata kwangu.

Dalenda


Bir Lahjar, 17 Oktoba 1994

Rebah,

Tumecheza. Mechi ya kwanza ya msimu, ugenini Metlaoui. Tumefungwa vibaya hata aibu kuandika idadi. Kosa ni langu: nilimtoa Sabra nikidhani amechoka, kumbe ndivyo uso wake ulivyo. Halafu nikapiga filimbi badala ya refa, refa akanitoa nje, nikamalizia mechi nimesimama mlangoni na muuza karanga.

Mwalimu alikuwa jukwaani na dada yake aliyekuja kutoka Mahdia, dada anamsimulia na kuchanganya timu. Tuliporudi nilimfuata nyumbani nikiwa tayari kutukanwa. Akauliza kitu kimoja tu: "Walicheka?"

"Nani?"

"Wasichana. Ndani ya basi."

Nikamwambia walicheka njia nzima, walikuwa wakiniigiza na refa wangu. Akasema, "Basi Jumatatu watarudi. Kunywa chai."

Na kweli, leo wamerudi wote, na wapya wawili, mmoja ni binti wa Si Tijani. Baba yake amemleta mwenyewe, akaniambia asiingiwe na baridi. Nikamwambia, "Inapowezekana."

Michoro yako inanisaidia, naibandika juu ya tanuri. Lakini kuna kitu hakichoreki. Golikipa wangu, yule mdogo mwembamba, Wided, hana wa kumrushia. Mimi nikirusha mpira unafika kama kipande cha unga, mtoto anaupokea kwa kuuonea huruma. Emna anarusha, lakini Emna anahitajika kwingine. Huyu mtoto anataka mtu mzima mwenye mkono wa kweli, amuogope kidogo, aache kuogopa mpira.

Sikuiti uje kuokoa timu. Timu ina kocha, kocha mbaya, lakini ipo. Nakuuliza tu kama mkono wako bado unafanya kazi.

Mongia


Tunis, 29 Oktoba 1994

Mongia,

Jana jioni baada ya kufunga duka nilikwenda nyuma, kwenye ukuta wa gereji, nikarusha mpira mpaka bega likawaka moto. Mafundi walitoka kunitazama. Bado unafanya kazi.

Nimejiuliza wiki nzima kama ni aibu inayoninunulia tiketi. Ipo, sikudanganyi, imekaa kona yake. Lakini asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ninachowaza ni Wided, mtoto ambaye hata sijamwona: anasimama wapi, anafumba macho au hafumbi mpira ukija. Mwenye duka amenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo sijui, na usiniulize mbele ya watu.

Nakuja Alhamisi na treni ya mchana. Sitaki mapokezi. Nikitoka stesheni nitapita kwanza kwa Mwalimu nipige hodi, kisha nitakuja ukumbini.

Kocha ni wewe. Niambie nisimame wapi, nami nitasimama hapo.

Rebah